Kadi ya Diski Mbili

Mbusa, muuza vipuri vya kompyuta, aliamua kumdanganya yule mama kabla hata hajaketi.

Alimjua. Mtaa mzima wa Bel-Air ulimjua: Madame Wivine, mwendesha kompyuta wa ile ofisi ya usalama yenye geti jeusi. Ulikuwa mwaka ambao uchaguzi uliahirishwa mpaka ukaoza, na vijana walipoingia barabarani kuudai, walipigwa risasi. Waliowapiga risasi waliwapiga na picha. Babu zetu waliwekwa kwenye mafaili ya Wazungu, baba zetu kwenye mafaili ya Chama. Sisi tukaletewa kompyuta. Maendeleo hayo.

Dorcelle, mdogo wa kike wa Mbusa, alikuwa ndani ya picha hizo. Sasa amejificha kijijini Lukafu, analima mihogo ya watu.

"Shefu ananituma, papa Mbusa," alisema Wivine. "Anataka kadi ya kuunga diski mbili mu mashini yake. Ba photo yote iko mule. Juma ijayo banaanza kutafuta bantu nyumba kwa nyumba. Anasema hata sura moja isipotee."

"Hamuna copie ingine?"

"Haina. Shefu haamini muntu."

Mbusa aliweka kadi mbili mezani. Ya kwanza huandika kila kitu mara mbili. Diski moja ikifa, nyingine huendelea kana kwamba hakuna msiba. Kadi ya pili hukata kila picha vipande, nusu huku, nusu kule. Ina mbio ajabu, ila diski moja ikifa, umezika zote mbili.

Akaisukuma hiyo ya pili.

"Beba hii, mama. Njo ya nguvu. Hata mu ba banque banatumikisha hii."

Wivine aliigeuzageuza bila haraka.

"Uko na ndugu mwanamuke? Kuko mumoja mule mu photo, amefunga kitambaa chekundu. Pua ni yako kabisa. Shefu bado hajamufikia."

"Sina ndugu," alisema Mbusa. Mama yake angemzaba kofi.

"Bon. Niambie basi: na hii kadi, diski moja ikikufa, ile ingine inabakia na nini?"

Nje, jeep ya ofisi ilikuwa imeziba mlango wa duka. Askari mmoja alikuwa akichokonoa meno, bunduki mapajani. Mbusa alijua kwamba akisema kweli, Dorcelle amekwisha. Akidanganya wakagundua, wamekwisha wawili.

"Inabakia na yote," alisema.

"Papa Mbusa, miye nilisoma informatique. Inabakia na vipande tu. Hata sura moja haitafunguka."

Mbusa aliiweka mikono juu ya meza, ionekane, kama alivyozoea kufanya kwenye vizuizi vya barabarani tangu alipokuwa akiishi Kivu, wakati wa vita.

Wivine alitupa jicho mlangoni. Kisha akaichukua kadi ya kwanza, ile nzuri, akaitoa kwenye kartoni yake na kuilaza mezani.

"Hii ya vipande," alisema polepole, "ifunge mu kartoni ya ile. Diski moja nitaiua miye mwenyewe. Shefu anasomaka kartoni tu."