Rangi Isiyotulia

"Amekuwa mwekundu mno," yule mama alisema, akiirudisha picha ya mumewe mezani. "Nikiiweka karibu na uso wake, hawafanani kabisa."

Fundi wa kuchapa picha alishusha pumzi. Mtaa mzima ulimwita Jicho. Watani walidai akitazama picha yako atajua kama chai ya asubuhi ulikunywa na maziwa. Na sasa picha moja ilikuwa inamrudia kila kukicha.

"Labda ni hii karatasi mpya, mama."

Kila karatasi hunywa wino kwa namna yake, na printa haina budi kufundishwa upya. Akachapa chati ya miraba midogo ya rangi, akaiacha ikauke, akaupima kila mraba kwa kipima rangi, kidude kinachosoma rangi kwa namba. Kisha akapunguza wekundu kama alivyoombwa. Mama akaondoka ameridhika, manukato yake makali yakabaki dukani.

Kesho yake huyo, mlangoni.

"Jana alikuwa yeye mwenyewe. Leo siye. Ongeza kijivu, fundi."

Jicho akabadilisha wino. Akaisafisha printa mpaka jasho likamtoka. Nakala aliyobaki nayo haikuwa imebadilika hata chembe, na chati ilisema rangi zote ziko sawa. Basi wa kushukiwa alibaki mmoja: yeye mwenyewe, na macho yake. Baba yake, aliyemwachia duka, aliacha kazi baada ya kuchapa picha ya bibi harusi mwenye uso wa zambarau na kuapa kwamba haina kasoro. Tangu siku hiyo Jicho aliishi na hofu ya macho yake. Bila hayo angekuwa nani?

"Mzee mwenyewe anasemaje?" aliuliza.

"Hasemi kitu. Siku hizi ametulia, hanisumbui."

"Basi mlete nimpime uso."

"Hatoki. Njoo wewe."

Akamfuata, kipima rangi mfukoni. Sebuleni mapazia yalikuwa yamefungwa na feni inazunguka kwa kasi. Mzee alikaa kwenye kochi, shati limenyooshwa pasi, nywele zimechanwa vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Pima tu, baba, hana neno," mkewe alijibu.

Jicho akamtazama usoni. Aliona kijani. Kijani hafifu kwenye mashavu, chini ya macho, pembeni mwa mdomo. Ndiyo basi, alijiambia, zamu yangu imefika. Akakibandika kipima shavuni na kusubiri namba.

Kipima nacho kilisema kijani.

Alitaka kucheka kwa furaha. Macho yake yalikuwa mazima! Akainama kumshukuru mzee, akamshika mkono. Ulikuwa baridi, na haukukunjika.

"Umeona sasa?" mama alisema taratibu, akiiweka sawa kola ya mumewe. "Chapa leo leo, fundi. Kesho atakuwa amebadilika tena."