Karibu Kwetu

Bi Sikudhani alikwenda kukagua bomba lililokuwa likivuja katika nyumba yake ya kwanza ya kupangisha. Tunu, mpangaji wake, alimfungulia mlango huku akicheka. Mumewe alikuwa jikoni akiimba kwa sauti mbovu.

"Karibu kwetu, mama mwenye nyumba," Tunu akasema.

Kwetu! Bi Sikudhani aliijenga nyumba ile peke yake, tofali kwa tofali, wala kuta zake hazikuwahi kumsikia akicheka. Akaona wivu.

"Tafuteni pengine," akasema. "Nataka kukaa humu mwenyewe."

Mume wa Tunu, ambaye hakusikia kitu, akatoka na sahani.

"Mama, onja andazi. Nimepika kwa mkono wangu!"

Bi Sikudhani akalipokea. Lilimchoma vidole, lakini hakuliweka chini.