Bangili ya Tunu

Siku hizo, kwa sheria, kila mtoto alivaa bangili iliyosikiliza pumzi zake. Akiwa ametulia ilikuwa kijani. Hofu ikimzidi iligeuka nyekundu, na muuguzi wa mtaa alifika nyumbani mara moja. Watu waliipenda sheria hiyo, maana hofu ya utotoni humfuata mtu moyoni na kwenye mishipa hadi ukubwani.

Zawena aliyajua hayo kwa mwili wake. Alikulia kwenye vipigo, na sasa, hata arobaini hajafika, alikuwa akimeza dawa za presha.

Jioni moja mumewe, Hatibu, alifoka kwa sababu ya wali ulioungua, akarusha sufuria ukutani. Kisha akamtazama binti yao, Tunu, akashusha pumzi.

"Unaona? Kijani. Mtoto hana neno."

Zawena alimfuata Tunu chumbani. "Mwanangu, hukuogopa?"

"Niliogopa, mama. Lakini nikivuta pumzi polepole na kujifanya nimelala, haigeuki. Ikigeuka watamchukua baba."

"Nani kakufundisha?"

"Tunafundishana shuleni."

Zawena akaweka sikio kifuani pa mwanawe. Moyo ulikuwa ukienda mbio kama wa kifaranga kiganjani.

Akamshika mkono, wakarudi sebuleni. Hatibu alikuwa ameinama, akiokota wali sakafuni.

"Baba Tunu, acha hiyo. Njoo umsikilize mwanao, hapa kifuani."

Hatibu akapiga magoti. Tunu alipomwona anasogea, akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi polepole.