Umeme Utasubiri

Ngumi ya kwanza ya bondia ilimpata mdogo wake mdomoni, na waliokuwepo ukumbini wanaapa kuwa ukuta wa nyuma uliyumba.

Msichana alitema damu. Muhula wa kwanza chuoni alikuwa amefeli masomo yote matatu ya fizikia, hesabu, mekanika na umeme, maana aliyempangia masomo ni huyu huyu kaka yake, aliyemwambia aanze na mazito, mepesi yatakimbia yenyewe. Akavamia umeme kabla ya kujua hesabu zake. Sasa usajili unafungwa jioni, na kaka anataka ayarudie yote kwa mpigo. Kwao ubishi humalizwa ulingoni: atakayekaa chini, mwenzake ndiye mwenye kauli.

"Utasoma umeme," kaka alisema, akimchoma konde la ubavu. "Sisi hatukimbii mtu."

"Hesabu na mekanika. Basi."

Konde jingine likamfunga jicho la kushoto. Akadaka kamba asianguke.

"Kaa tu, mdogo wangu. Sakafu haing'ati."

Hakukaa. Kaka akashusha mikono, akawageukia vijana wa mazoezi acheke nao kidogo.

Ngumi ya msichana ilimkuta kaka chini ya kidevu. Kinga yake ya meno iliruka ikagonga taa ya juu, naye akakaa taratibu kama mzee anayepapasa kiti, macho wazi, haoni mtu.

Msichana alivua glavu kwa meno, akaomba simu yake.

"Umeme mwaka wa pili, kaka," alisema, akifuta damu kwenye kioo cha simu ili alione somo la hesabu kwenye orodha ya usajili.