Mgongo wa Kiganja

Kifuniko cha birika kiligongagonga gizani. Daktari Mwanaidi alizima jiko bila kunywa chai, akambeba bintiye Raiyani mgongoni, wakaenda kwenye mazizi ya farasi wa mbio.

Jana alikuwa amesaini cheti kwamba farasi Tufani ni mzima na leo atakimbia. Mguu wake wa mbele ulikuwa baridi alipoupapasa, lakini manyoya yalikuwa yamelowa. Alijua umekandwa kwa barafu ili joto la uvimbe lijifiche, akasaini hivyo hivyo.

"Daktari, umefuata nini tena?" Mzee Shomvi, mwenye farasi, alicheka huku akikigusa cheti kwenye mfuko wa shati. "Au umemwota Tufani?"

"Nimepita tu kumjulia hali, mzee."

"Aa, huyo mzima kutushinda sote!"

Mwanaidi alisimama mlangoni, mikono ndani ya koti. Hakuthubutu kuugusa ule mguu. Raiyani ndiye aliyeteremka mgongoni na kuchuchumaa, akauwekea mgongo wa kiganja, vile mama yake anavyompima yeye kwenye paji la uso. Farasi akatulia. Mzee akaacha kucheka.

"Mama, mguu wa Tufani una homa," mtoto akasema kwa sauti.