Kitenzi Chenye Jina la Mtu

Mwalimu Shekue aliandika ubaoni kitenzi cha somo la Kiingereza la jioni: boycott. Wanafunzi wake, majirani watu wazima, walikuwa wamekaa mkekani barazani kwake.

"Maana yake ni kususia," alisema. "Asili yake ni jina la mtu, msimamizi wa mashamba huko Ulaya. Majirani walikubaliana wasimvunie, wasimuuzie kitu, wasimpe hata salamu. Jina lake likageuka kitenzi."

Wakacheka.

Ng'ambo ya uchochoro Bi Siwema alikuwa peke yake kwenye busati refu. Leo ilikuwa hitima ya marehemu mama yake. Masinia ya pilau yalikuwa yamefunikwa makawa tangu adhuhuri, na hakuna aliyekwenda. Mtaa ulimtenga alipomshtaki kwa polisi kijana wa hapo mtaani aliyemwibia, na aliyetoa wazo la kumtenga kwenye kikao cha mtaa alikuwa mwalimu.

"Sasa, mwalimu," akauliza Saumu, fundi cherehani, "huyo bwana alipofiwa, nani alikwenda?"

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aligeukia ubao, akaanza kulifuta lile neno kwa vidole.

Alipogeuka tena, Bi Siwema alikuwa akiweka sinia ukingoni mwa baraza.

"Nimeona mna masomo, mwalimu. Nikasema niwaletee."

Akarudi kwake bila kungoja jibu.

Wote wakamtazama mwalimu. Akanyoosha mkono afunue sinia, akaona vidole vyake vimejaa chaki. Akavifuta kwenye kanzu. Akavitazama, akavifuta tena.