Perege na Kioo cha Kijani

Alikuwako Perege aliyevuliwa mtoni angali mchanga, akatiwa kwenye tangi la kioo pamoja na mche wa yungiyungi wa mto uleule. Kutwa alililia kwao. Kioo cha upande wa dirisha kilipoota mwani, jua likapenya kijani, naye moyo ukamruka: "Huu ndio mto wetu!"

Konokono, mlamba vioo, akaja na njaa yake.

"Niachie hicho, bibi," Perege akamsihi.

"Mwanangu, huo ni uchafu. Na Yungiyungi anataka mwanga."

"Yungiyungi hata halalamiki."

Konokono akaenda zake kulamba mawe. Mwani ukanenepa, na Perege akashinda ameukodolea macho, akiota maji ya kwao.

Siku moja jani lililooza likaelea, likamgusa shavu. Lilinuka tope la mtoni. Perege akageuka ghafla: Yungiyungi alikuwa amebaki kikonyo cheusi.

"Bibi, lamba! Lamba upesi!"

Konokono akalamba hata kioo kikang'aa. Ng'ambo palikuwa na dirisha na ukuta wa jirani.

"Mto wangu uko wapi?"

"Kipande chake ulikuja nacho, mwanangu," akasema Konokono, "ukakipa kisogo."